Thelathini na Mbili Uliyoijumlisha

Wabiwa mwanangu,

Nguo zako zimekunjwa, shangazi zako wamekufungia chakula cha njiani, na juu ya hayo sina la kukuambia. Umekuwa mtu mzima, unajua mwenyewe namna ya kukaa kwenye boti na namna ya kulinda mfuko wako bandarini. Ninachotaka ukijue kabla ya kwenda Kalemie ni hesabu. Tangu siku Mama Tosha alipoungua kwenye tangi la sabuni hujaniuliza, nami sijakuambia. Tumekuwa tukila ugali kwenye meza moja kama wageni wawili waliokutana hotelini.

Siku ile ulinishika nguo ukalia: "Mama, ni ile namba ya Baingereza. Sikuigeuza. Nilitumia nukta arobaini na nane vile iko mu kitabu."

Nilikuacha uamini hivyo. Leo nakuambia kwamba sivyo. Namba ile ilikuwa sawa, na unakwenda kusomea mitambo ya joto kwenye chuo cha ufundi ukiwa unaogopa kitu kisicho na kosa, huku kosa lenyewe umelibeba kichwani. Ukifika nalo huko, utamchoma mwingine.

Tuanze pale bamama wanaopika sabuni nyuma ya uzio wetu walipokuita. Unakumbuka walivyofurahi lile jiko la mazutu, yale mafuta mazito ya mitambo, lilipovushwa kutoka Kigoma, maana kuni zilikuwa zinawamaliza mgongo. Jiko la zamani la Kiingereza, bati lake limeandikwa ratili, Farenaiti na zile herufi tatu, BTU. Kipimajoto chake kilivunjikia ziwani. Hapo ndipo Mama Tosha alipokuja mlangoni kwetu akasema, "Iko mutoto ya Madame, iko na diplome, atatuambia tuwashe moto dakika ngapi." Hakuja kwa mtu mwingine. Alikuchagua kwa sababu ya jina langu la ualimu.

Sasa sikiliza. Kile tulichokiita darasani chaleur massique, joto mahususi, ni dai tu. Kila kitu kinadai joto lake ili kipande digrii moja. Ratili moja ya maji inadai BTU moja ili ipande digrii moja ya Farenaiti. BTU ni hiyo tu, haina siri nyingine. Ratili moja ya mawese inadai sifuri nukta arobaini na nane, haifiki nusu ya dai la maji. Hamia sasa kwenye vipimo tulivyovizoea sisi. Kilo moja ya maji inadai kilokalori moja ili ipande digrii moja ya Selsiasi. Kilo ya mawese inadai ngapi? Sifuri nukta arobaini na nane ile ile. Haikusogea, kwa sababu kule na huku mawese yanalinganishwa na maji, na maji ni maji Uingereza na hapa Mboko.

Ungetaka kwenda kwenye joule kwa kilo, ungezidisha kwa elfu nne mia moja themanini na saba. Ungebaki na BTU na ratili, lakini digrii ziwe za Selsiasi, ungezidisha kwa moja nukta nane upate sifuri nukta themanini na sita, kwa sababu hatua moja ya Selsiasi ni ndefu, ndani yake mna hatua moja nukta nane za Farenaiti. Na Waingereza walikuwa na kipimo kingine tena, cha joto linalopandisha ratili ya maji digrii moja ya Selsiasi. Ukikitumia hicho unarudi kwenye nukta arobaini na nane. Angalia njia zote hizo. Kuna mahali popote umeona thelathini na mbili?

Hakuna, na haiwezi kuwepo. Thelathini na mbili ni mahali pa kuanzia kuhesabu, ni pale barafu inapokaa kwenye Farenaiti. Ukiulizwa kitu kina joto gani sasa hivi, unaihitaji. Ukiulizwa kitu kimepanda kiasi gani, haikuhusu. Dereva anayehesabu kilomita kutoka Uvira na dereva anayehesabu kutoka Fizi wataipa Mboko yetu namba mbili tofauti. Lakini kutoka Mboko hadi Baraka ni urefu ule ule kwa wote wawili, na matope ni yale yale. Joto linalodaiwa ni la safari. Hakuna anayeuliza ulikotoka.

Mawese yalikuwa na joto la chumba, nayo yalitakiwa yapande digrii hamsini za Selsiasi. Ulitaka kuzipeleka kwenye Farenaiti ili zikubaliane na jiko. Hamsini mara moja nukta nane ni tisini. Ilitakiwa uishie hapo. Wewe uliongeza thelathini na mbili. Ukapata mia moja ishirini na mbili, ukazidisha kwa ratili mia nne za mafuta na kwa nukta arobaini na nane, ukagawa kwa nguvu ya jiko, ukawaambia wawashe dakika arobaini. Ilikuwa nusu saa.

Dakika kumi, Wabiwa. Najua zinavyoonekana ndogo. Ni zaidi ya theluthi ya joto lote, juu ya lile lililotakiwa. Mafuta yakafika karibu na mahali maji yanapochemkia, na mafuta hayasemi. Maji yangepiga kelele kwenye sufuria, mawese yalikaa kimya, mekundu, mazuri. Mama Tosha akainama na ndoo ya maji ya soda kali ya kugandishia sabuni kama alivyoinama miaka yote. Maji yale yakakuta joto, soda ikaongeza la kwake, na tangi zima likapanda kwa povu likamkuta usoni.

Hadi hapa nimekuambia kosa lako. Sasa nikuambie lilikotoka.

Ulikuwa mwaka wa nne wa sekondari kule Baraka, na mimi ndiye nilikuwa mwalimu wenu. Nilikuita ubaoni. "Maji yanachemka kwa digrii mia za Selsiasi. Za Farenaiti ni ngapi?" Uliandika mia moja themanini. Ilikuwa kosa dogo la mtoto mwenye haraka. Ningekuambia rudi ukae. Lakini ulikuwa binti yangu, na nilikuwa nimesikia walimu wenzangu wakisema kwamba nakupendelea, nikaona hapo ndipo pa kuwafunga midomo.

Niliuliza darasa, "Amesahau nini?" Darasa likajibu kwa Kifaransa, "Trente-deux!", thelathini na mbili. Nikasema, "Hajasikia." Wakapiga kelele, "Trente-deux!" Nikakusimamisha mlangoni hadi kengele ilipolia, na kila mwanafunzi aliyetoka nilimwamuru akuambie sikioni. Tosha, mtoto wake Mama Tosha, alikuwa wa kwanza. Wengine walinong'ona, wengine walipuliza, mvulana mmoja akakutemea mate kidogo, nami nilimwona nikamwacha apite.

Jina likakushika. Hadi sokoni hapa Mboko, mamotari, wale vijana wa pikipiki, wasiojua hata Farenaiti ni kitu gani walikuita. "Trente-deux, panda twende!" Ulikuja jikoni ukaniambia, "Mama, bananiita Trente-deux njia nzima." Nilikuwa namenya mihogo. Nilicheka nikakujibu, "Basi hutaisahau." Niliona fahari, Wabiwa. Nilijisifu mbele ya walimu wenzangu kwamba mtoto akifundishwa hivyo, somo linaingia hadi mfupani.

Liliingia. Siku ile kwenye kiwanja cha sabuni ulipofika kwenye neno Farenaiti, mkono wako uliandika thelathini na mbili kabla hujafikiri. Niliutia woga mahali ambapo palitakiwa kuwa na maana. Mtoto aliyeelewa ile namba inatoka wapi angejua lini aiache. Wewe ulijua tu kwamba ukiisahau watu watakutemea. Na somo la pili, la tofauti kati ya digrii za kusimama na digrii za kupanda, sikulifundisha kabisa. Si kwamba muda ulikwisha. Niliona ni jepesi mno, nikadhani kila mtu analiona kama mimi.

Kuna jingine. Hili hulijui, na hakuna aliyelijua hadi leo mchana.

Nilikuwa uani kwetu niliposikia mlio. Nilipita kwenye uzio nikafika kabla ya wengi. Hesabu yako ilikuwa ukutani, kwa chaki, maandishi yako mazuri yale ya duara, juu kidogo ya tangi. Nilitazama ukuta. Mama Tosha alikuwa chini, anajikunja, na mimi nilikuwa nimesimama nasoma. Niliona hamsini, nikaona moja nukta nane, nikaona alama ya kujumlisha, na nikahisi kitu ambacho naona haya kukiandika, lakini kilikuwa karibu na raha. Ile raha ya mwalimu anapolikamata kosa kwenye kazi ya mwanafunzi. Niliiona hesabu kabla ya kumwona mtu.

Wakati huo bamama walikuwa wanampaka mawese baridi, usoni na mikononi, kwa sababu ndiyo dawa waliyoikuta kwa mama zao. Fikiria kile nilichokueleza juu. Nini hubeba joto kuliko vyote? Maji. Dai lake ni moja, la mafuta halifiki nusu. Ukitaka kuliondoa joto kwenye nyama ya mtu unalipatia maji liende nayo, na maji ndiyo yanayoiosha soda isiendelee kula. Mafuta yanalifungia ndani. Na ziwa lilikuwa pale, Wabiwa. Tanganyika yote, nyuma ya uzio wa matete. Katika kiwanja kile palikuwa na mtu mmoja tu ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kujua hilo, na mtu huyo alikuwa anasoma ukuta. Nilipogeuka nikasema "maji", walikuwa wamekwisha kumpaka na kumfunga vitambaa. Muuguzi alipovifungua, jicho la kulia lilikuwa limekwisha.

Sijui kama maji yangeliokoa. Wewe utataka kujua, na mimi nilimuuliza muuguzi. Alinitazama akasema, "Madame, kwa nini unauliza sasa?"

Leo mchana nilikwenda kwa Mama Tosha. Nilikuwa nimesikia kwamba kaka yake amezungumza na polisi wa bandarini Baraka, na kwamba kesho wangekushusha kwenye boti mbele ya watu. Sikwenda kuomba huruma. Nilikwenda kueleza, kama kawaida yangu.

Tosha alikuwa mlangoni, amejiegemeza kwenye kizingiti, hakunipisha.

"Madame! Umekuja kusahihisha?"

"Nimekuja kumuona mama yako."

"Utamupatia cote ngapi za mutihani? Kumi juu ya ishirini? Iko na jicho moja, basi apate nusu."

Kutoka ndani sauti ikasema, "Tosha. Acha Madame aingie."

Alikuwa amekaa kitandani, kitenge kimefunika upande mmoja wa uso, mikono imelala juu ya magoti, imefungwa vitambaa hadi viwiko. Hakuniambia nikae.

"Banasema mutoto yako anapanda boti kesho."

"Ndiyo, Mama Tosha."

"Anaenda na macho mbili."

Nilieleza. Nilimweleza hesabu yote, polepole, kama nilivyokueleza wewe, hadi barabara ya Uvira na barafu. Tosha alicheka mara mbili. Mama yake hakucheka, alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei. Nikamweleza mlango wa darasa, na kilichokupata pale, na kwamba Tosha alikuwepo. Hapo Tosha aliacha kucheka.

"Kwa hiyo ni we," Mama Tosha akasema.

"Ni mimi, kwa sehemu kubwa."

"Sehemu kubwa ngapi? We ndio unajua kugawanya."

Hakungoja nigawanye, akasema, "Kaka yangu anangoja neno yangu. Nikisema bamushushe, batamushusha. Mi sitasema. Aende. Lakini asirudi hapa Mboko mi nikiwa muzima. Sitaki kusikia sauti yake mu njia. Siku nitasikia sauti yake, siku ile kaka yangu ataenda kwa bapolisi."

Nilisema sawa. Sikukuuliza wewe. Nilikubali kwa niaba yako kama vile ni ruhusa ya shule.

Ningeinuka hapo niondoke. Alikuwa amemaliza, na nilikuwa nimepata nilichokwenda kukitafuta, njia yako wazi. Kalemie si mbali kwa boti, nami nimestaafu. Ningekuja kila likizo nikapika kwenye chumba chako na kukusumbua kuhusu masomo. Nilikuwa nimeshaanza kuifikiria safari ya kwanza, pale pale, mbele ya vile vitambaa.

Lakini unanijua. Sijawahi kueleza kitu nusu. Nikamwambia habari za maji. Nikamwambia nilikuwa natazama nini walipokuwa wanampaka mafuta, na kwamba ziwa lilikuwa nyuma ya uzio, na kwamba nilijua.

Tosha alisema neno la Kibembe ambalo sitaliandika. Mama yake aligeuza uso polepole hadi lile jicho moja likanipata.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ulisimama."

"Ndiyo."

"Mi nilidhani unalia. Niliona miguu yako, nikasema, Madame analia." Alipumua. "Basi sikia, Madame. Na we hutaenda kumuona. Kila siku ya sabuni utakuja hapa kukoroga mu nafasi yangu, mi nitakaa pa mulango nikusikie. Siku hutaonekana, nitajua umepanda boti, na kaka yangu naye atapanda. Bapolisi biko hata Kalemie."

"Hadi lini?"

"Hadi mi nikufe. Ao we."

Nilisema sawa kwa mara ya pili. Tosha alinifungulia mlango, akaniambia kwa adabu kabisa, "Tutaonana siku ya sabuni, Madame."

Nimelifikiria sana jioni hii, na sitakudanganya kwamba nilifanya tendo la ushujaa. Kusema ukweli wote kulikuwa rahisi kwangu, ndiyo tabia yangu, na anayelipa ni wewe. Nilikusimamisha mlangoni ili walimu waniheshimu. Leo nimekunyima mama ili nilale. Ukitaka kunichukia kwa hilo, fanya hivyo ukiwa umeelewa sababu zake, si kwa kukariri kama nilivyokufundisha mambo mengine.

Huko chuoni watakupa vitabu vya Kifaransa vyenye joule, na mashine kuukuu zenye BTU, na utalazimika kuvuka kutoka huku kwenda kule kila siku. Usikimbie. Nilikuona wiki iliyopita ukifuta hesabu zote kwenye mkono wako kwa mate kama mtu anayefuta uchafu. Mtu anayeogopa kuhesabu baada ya kuchoma mwenzake hafai kitu, atabaki na hatia tu, na hatia haipikishi sabuni. Kila ukiona digrii, uliza kwanza: hii imesimama au inapanda? Uliza kwa sauti, hata wakikucheka. Na siku utakapowafundisha wengine, yule atakayekosea mwambie arudi akae.

Simu hawakuizungumzia, nami sikuwakumbusha. Utanipigia. Lakini mtandao wa hapa unajua ulivyo, unapitisha sauti kwa shida, picha haipiti. Nitakuwa sauti inayokatikakatika.

Barua hii nitakupa asubuhi kabla pikipiki haijaja, uisome ukiwa bado ndani ya nyumba. Usije ukaisomea katikati ya ziwa ambapo huwezi kuniuliza wala kunitukana. Ukitaka kubaki, hakuna kubaki, nimekwisha kukufungia njia hiyo. Nitakusindikiza hadi Baraka. Najua utakuwa umekasirika na utataka kupanda bila kugeuka, nami ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo.

Usifanye. Mama Tosha ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, na muuguzi anasema moyo wake ni mzima kabisa; yeye ndiye atakayenizika. Kwa hiyo kesho, kabla boti haijasukumwa, niangalie vizuri.

Mama yako